Nimepangiwa Rukwa, NSSF yangu niifanyeje?

SWALI

Dada, shikamoo. Mimi ni mhasibu, nina miaka 41, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nimefanya kazi miaka 13 katika kampuni binafsi inayosambaza vifaa vya hospitali. Mshahara ghafi wangu ni shilingi 1,900,000, lakini mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, na kila ikifika Novemba ofisi nzima tunaanza kunong'ona nani ataongezewa na nani hataongezewa. Mwaka jana niliomba nafasi ya Mhasibu Daraja la II kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Nilifanya usaili wa kuandika, nikaitwa wa mahojiano, kisha nikaambiwa jina langu limehifadhiwa kwenye kanzidata. Nilishasahau. Wiki iliyopita nimeliona jina kwenye tangazo la kuitwa kazini: halmashauri mkoani Rukwa, niripoti ndani ya siku 14.

Kazini kwangu mkataba unadai notisi ya siku 28. Mshahara mpya nimeukokotoa, unapungua kwa zaidi ya theluthi. Mke wangu ana duka la vitambaa hapa hapa Tabata, watoto wawili wako shule ya msingi, na tunaishi na mama yangu ambaye ana kisukari. Rafiki yangu ananishauri nikishaacha kazi niende NSSF, mfuko wa pensheni ninaouchangia, niseme sina ajira, nichukue hela zangu zote, ndipo nikaripoti. Niende au nibaki?

Mhasibu wa Tabata

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu njia unayoiulizia nimeipita. Julai 2009, nikiwa na miaka 39, niliacha kazi ya miaka 11 katika kiwanda kimoja Dar es Salaam nikapanda basi pale Ubungo alfajiri, sanduku moja na godoro lililofungwa kamba, kwenda kuripoti halmashauri moja ya Kanda ya Kati. Nimestaafu nikitokea utumishi huo huo wa umma. Kwa hiyo nakujibu nikiwa nimeonja pande zote mbili.

Nianze na ushauri wa rafiki yako, maana hapo ndipo penye hatari kuliko mshahara na kuliko Rukwa. Usiufuate. Kwanza hauwezekani kwa njia ya haki: fao la kukosa ajira ni la mtu aliyepoteza kazi, si la mtu aliyeacha mwenyewe huku barua ya ajira nyingine iko mfukoni. Kusema huna kazi wakati unayo ni uongo, na unauandikisha kwa jina lako na namba yako ya NIDA mwezi ule ule unaoanza utumishi wa umma. Lakini hata kama ungewezekana, ningekukataza, na sababu ninayo mwilini.

Mimi nilichukua. Siku zile fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako yote unapoacha kazi, lilikuwepo, na mimi niliyekuwa afisa utumishi, niliyekuwa nikiwajazia wenzangu fomu, nilijijazia na yangu. Nikalipwa michango ya miezi 132, nikanunua kiwanja Chanika, nikaona nimefanya jambo la maana. Nilipoajiriwa halmashauri nikaandikishwa LAPF, mfuko wa pensheni wa serikali za mitaa, hesabu ikaanza upya kama binti aliyetoka chuoni jana. Mwaka 2018 mfuko huo uliunganishwa na PSPF, PPF na GEPF, ikawa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Januari 2025 nilitimiza miaka 55, nikaomba kustaafu kwa hiari. Afisa wa mfuko akanihesabia: miezi 186. Sheria inataka mtu awe amechangia miezi isiyopungua 180 ndipo apate pensheni ya kila mwezi. Nilivuka kwa miezi sita tu. Na kwa kuwa pensheni hukokotolewa kwa idadi ya miezi uliyochangia, jasho langu la miaka 11 ya kiwandani halimo kabisa kwenye kile ninachopokea leo. Lile ndilo kosa kubwa la maisha yangu ya kazi, na nalieleza hapa ili wewe usilirudie.

Sasa chukua kalamu, wewe ni mhasibu. Una miaka 41. Ukitaka kustaafu kwa hiari ukiwa na miaka 55, utakuwa umechangia PSSSF miaka 14, yaani miezi 168. Peke yake haitoshi, inapungua 12. Lakini tayari una miezi 156 NSSF. Sheria zetu za hifadhi ya jamii zinaruhusu majumuisho, yaani vipindi vya michango katika mifuko miwili kuhesabiwa pamoja. 156 na 168 ni 324. Hiyo ndiyo tofauti ya mzee anayesubiri na mzee anayelipwa.

Kwa hiyo kabla hujakata tiketi nenda ofisi ya NSSF uchukue taarifa ya michango yako, mwezi kwa mwezi tangu siku ya kwanza. Usiridhike na jumla iliyo chini ya karatasi. Tafuta mapengo. Kuna waajiri wanaokata mshahara na wasipeleke, au wanapeleka nusu mwaka na kuruka nusu. Ukigundua pengo la mwaka 2016 leo, ukiwa bado unakaa meza moja na mtunza mishahara wa kampuni, litazibwa. Ukiligundua mwaka 2039 ukiwa Sumbawanga, kampuni yenyewe huenda haipo. Ukishaandikishwa PSSSF, andika barua ukitaja namba yako ya NSSF, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hiyo nakala itunze pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Kuhusu siku 14 na siku 28. Hili limewaangusha watu wazuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na inakufunga wewe kama inavyomfunga mwajiri. Ukiondoka bila kuitumikia, mwajiri anaruhusiwa kukata stahili zako kiasi cha mshahara wa siku ambazo hukufanya kazi. Si kosa la jinai, ni hesabu. Fanya hivi: barua ya kuacha kazi iandike leo, si kesho. Omba kwa adabu uachiliwe mapema, ahidi kukabidhi vitabu vyote kwa maandishi, na uombe siku zako za likizo ambazo hujazitumia zihesabiwe humo. Wakati huo huo mpigie Afisa Utumishi wa halmashauri uliyopangiwa, umweleze hali, kisha umwandikie. Usinyamaze. Asiyeripoti na asiyetoa taarifa nafasi yake hupewa aliye nyuma yake kwenye kanzidata, na huyo naye ana watoto.

Usiondoke bila cheti cha utumishi. Ni haki yako kisheria, karatasi moja inayosema ulianza lini, umeacha lini, ulikuwa nani. Watu wengi hawaidai kwa sababu wameondoka na kinyongo, halafu miaka saba mbele wanaitafuta.

Sasa mshahara. Nisikufiche: utaumia. Utakapofika, miaka yako 13 haitakupandisha ngazi, kwa sababu umeomba Daraja la II na Daraja la II ndilo ulilopewa. Mimi kiwandani nilikuwa na watu wanne chini yangu. Halmashauri nilipewa meza ya pembeni karibu na kabati la mafaili, na mkuu wangu alikuwa kijana niliyemzidi miaka minane. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo, nikishaitikia marahaba ananipa kazi. Mwezi wa kwanza nililia. Mwezi wa nne nilianza kugundua kwamba yule kijana anazijua Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma kama anavyoijua njia ya kwao, na kwamba mimi ndiye mwanafunzi. Nilijifunza mengi kwake kuliko kwa mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi.

Ila linganisha kinachobaki mkononi, usilinganishe mshahara ghafi kwa mshahara ghafi. NSSF pengine unakatwa asilimia 10. PSSSF utakatwa asilimia 5 na mwajiri ataweka 15. NHIF, yaani bima ya afya, utakatwa asilimia 3 na mwajiri 3, na hapa nataka usome polepole: mwanachama anajiandikisha yeye, mwenzi wake na wategemezi wanne, na wazazi wamo katika wategemezi. Watoto wawili, mama yako, bado unabaki na nafasi moja. Hukuniambia bima ya kampuni yenu ikoje, lakini nyingi nilizozishughulikia kiwandani hazikugusa mzazi. Andika pembeni unatumia kiasi gani kwa mwezi kwa dawa na vipimo vya mama, kisha urudishe kiasi hicho kwenye ule mshahara unaouona mdogo. Kama ulisoma kwa mkopo wa elimu ya juu na hujaumaliza, kumbuka asilimia 15 ya mshahara itakwenda huko, ilivyo hata sasa.

Jambo la kukuumiza zaidi si kiasi, ni muda. Mshahara wa kwanza serikalini unaweza kuchelewa hadi taarifa zako ziingie kwenye mfumo na upate cheki namba, yaani namba yako ya malipo ya mshahara. Mimi nilikaa miezi mitatu. Halmashauri yenyewe siitaji, na waliokuwepo pale wengi wameshastaafu, lakini miezi ile mitatu nilipanga chumba nyuma ya soko, mwenye nyumba akawa ananikopesha unga, na jirani yangu mwalimu akanigawia dagaa kila Jumamosi bila kuandika popote. Siku hizi mambo yanakwenda haraka kuliko enzi zetu, lakini wewe nenda na akiba ya miezi mitatu. Kodi, chakula, nauli, na hela ya kutuma nyumbani. Na usiikope kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa. Utakapoanza kulipwa, mabenki nayo yatakufuata, kwa kuwa mtumishi wa umma anakopesheka. Utaratibu wa serikali unataka makato yasiache chini ya theluthi moja ya mshahara, na nimeona watumishi wanaoishi kwa hiyo theluthi mwaka hadi mwaka. Mwaka wa kwanza usisaini mkopo wowote.

Kazi yenyewe. Mhasibu wa kampuni anazoea kuuliza: benki kuna hela? Mhasibu wa serikali anauliza kwanza: kasma, yaani kifungu cha bajeti, ipo? Fedha inaweza kuwepo na usiweze kulipa, kwa sababu haikupangwa kwa jambo hilo. Mimi sikuwa mhasibu, lakini nilijifunza hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza dereva mmoja mtu mzima alikuja kuulizia nauli ya likizo. Kiwandani tungeitoa kwenye droo ya fedha ndogo ndogo siku ile ile, basi nami nikamwambia, "Mzee, njoo kesho uchukue." Kesho yake mweka hazina akaniambia kasma ya likizo imekwisha hadi mwaka mpya wa fedha uanze. Yule mzee alikuwa ameshawaaga watu wake kwa simu kwamba anakwenda. Nilimfuata gereji nikamwomba radhi. Tangu siku ile sikumwahidi mtumishi fedha hata moja kabla ya kuuliza kasma.

Kwako mabadiliko yatakuwa makubwa zaidi. Mwaka wa fedha ni Julai mosi hadi Juni 30, na Juni utakesha ofisini. Malipo utayafanya kwenye mfumo wa MUSE, manunuzi utayakuta kwenye mfumo wa NeST. Kuna masurufu, fedha anazotangulizwa mtumishi kwa shughuli ya kazi kisha azirejeshe kwa hesabu, na ukae ukijua kwamba mkuu wako mwenyewe anaweza kuwa ndiye ambaye hajarejesha, na ni wewe utakayemkumbusha. Kisha anakuja mkaguzi wa CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na hoja zake. Kampuni ikipata hoja ya ukaguzi inaimaliza kwenye bodi. Halmashauri yako hoja zake zinaweza kufika kwenye kamati ya Bunge inayosimamia hesabu za serikali za mitaa, mkurugenzi wako akakaa mbele ya wabunge akijibu vocha uliyoiandaa wewe. Nakwambia haya kwa sababu watu wengi wa sekta binafsi huja na dhana kwamba serikalini kuna kupumzika. Saa za ofisi ni 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, ndiyo. Lakini majukumu yako utayajaza kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, na utapimwa kwayo, na miezi 12 ya kwanza uko kwenye majaribio. Ukithibitishwa kazini, hapo ndipo uongee habari ya kuhama. Kabla ya hapo usiende Rukwa ukiwa na barua ya uhamisho kichwani; wakuu wa kazi huiona usoni mwa mtu.

Familia isihame nawe sasa. Duka la mke wako ndilo litakalowavusha miezi ya mwanzo. Watoto wamalize mwaka wa masomo. Mama abaki karibu na daktari anayemjua hadi kadi mpya itoke. Nenda peke yako, ukae, uone nyumba, shule na hospitali ya rufaa ya mkoa. Zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Mbeya na Tunduma si safari ya kwenda na kurudi kila mwisho wa mwezi, hilo mwambie mkeo waziwazi kabla hujaondoka. Na ubebe sweta nzito: Ufipa, huko huko Rukwa, Juni na Julai ni baridi ambayo mtu wa Tabata haijui.

Umeniuliza niende au nibaki. Ningekuwa wewe ningekwenda. Matangazo ya ajira za serikali yanataka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliyeko tayari serikalini. Umebakiza miaka minne, na mkataba wako wa sasa unakupa uhakika wa mwaka mmoja tu. Lakini nenda na miezi yako 156 mkononi.

SWALI

Shikamoo mama. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Khadija, cha kidato cha nne Hadija, na cha chuo Khadija. Nafanya kazi duka la dawa Morogoro na nataka kuomba serikalini. Hapa kazini hawajawahi kuniuliza.

Msomaji, Kihonda

JIBU

Marahaba mwanangu. Duka halikuuliza, serikali itauliza. Herufi moja inatosha kukurudisha nyumbani siku ya usaili na nauli yako imeshakwenda, maana msailiwa hujigharamia usafiri, chakula na malazi. Nimemwona binti akilia getini kwa sababu ya herufi kama hiyo. Nenda kwa wakili akuandalie hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, na uiambatishe kila unapoomba. Kisha hakikisha kitambulisho cha NIDA kinasema jina lile lile utakalolitumia. Fanya sasa wakati hakuna tangazo. Tangazo likitoka siku zinakuwa chache na foleni kwa mawakili ndefu.

SWALI

Dada, habari za kazi. Mimi ni muuguzi hospitali binafsi jijini Mwanza kwa miaka 17. Nina miaka 46. Kuna mtu anasema kwa shilingi laki nane ananibadilishia mwaka wa kuzaliwa niwe na 43, niweze kuomba. Nimechoka na zamu za usiku, na nataka pensheni kama wenzangu.

Muuguzi, Nyakato

JIBU

Nzuri, mdogo wangu. Huyo mtu usimpe hata shilingi moja. Mwaka 2017 serikali ilitangaza majina ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na ikaamriwa waondolewe. Nilikuwepo kazini. Niliwaandalia baadhi yao makabidhiano ya ofisi, watu niliokunywa nao chai miaka minane, na sijasahau sura zao. Tarehe yako ya kuzaliwa iko NIDA, iko kwenye vyeti vya shule, iko kwenye leseni yako ya uuguzi. Huwezi kuibadilisha kila mahali, na utaishi na hofu hiyo kila ukiona gari la wakaguzi.

Ajira ya kudumu serikalini kwa umri huo imepita, nakwambia bila kuzungushazungusha. Jaribu hospitali za mashirika ya dini na miradi ya afya inayoajiri kwa mkataba, huko uzoefu wa miaka 17 unatafutwa, na uulize mapema zamu zao zikoje.

Lakini hilo la pensheni umekosea, na ni kosa jema. Pensheni si ya watumishi wa serikali peke yao. Miaka 17 ni miezi 204, na NSSF nao kizingiti chao ni 180. Kama hospitali yenu imepeleka michango yote, umeshavuka. Siku yako ya mapumziko wiki hii nenda ofisi ya NSSF na kitambulisho, uombe taarifa ya michango, uhesabu mwenyewe kwa kidole. Ukikuta haifiki 204, niandikie tena uniambie miezi ipi imekosekana.